Bonane ya yaya: kado gani inamfaa anayebaki na mtoto siku za shamba na soko?

Mwezi wa kumi na mbili ukifika, nyumba nyingi za Kalengera zinaanza hesabu ileile: nguo za watoto kwa Noeli, mchele na nyama ya siku kuu, matoleo ya kanisa, pesa ya shule ya mwezi wa kwanza. Katika hesabu hiyo kuna mtu mmoja ambaye jina lake linakuja mwisho, na mara nyingine halikuje kabisa. Ni yule msichana wa jirani, ao mama mjane wa ng'ambo ya barabara, anayebaki na mtoto siku mbili ao tatu kwa juma wakati mama mwenye mtoto iko shambani ao sokoni. Halali katika nyumba hiyo. Hana mkataba wa kuandika. Hana mshahara wa mwezi ambao watu wote wanaujua. Lakini mtoto akisikia sauti yake tu, ananyamaza kulia.

Mtu huyo anastahili bonane? Na kama anastahili, apewe nini: kikwembe, kilo tano za mchele, pesa mkononi, ao sabuni na mafuta ya kujipaka? Wengi wanajibu haraka, kufuatana na kile kilichobaki mfukoni tarehe 24. Lakini swali hili linagusa mambo mazito zaidi ya kado: linagusa kazi ambayo watu hawaiite kazi, deni ambalo watu hawaliite deni, na usalama wa mtoto mwenyewe.

“Ananisaidia tu”

Kalengera iko katika teritware ya Rutshuru, kwenye barabara kuu namba 2 inayotoka Goma kwenda Rutshuru, pale njia ya kwenda Tongo inapokata. Wakaaji wengi wanaishi kwa jembe: maharage, mahindi, mihogo, ndizi. Wengine wanachuuza kandokando ya barabara, ao wanapakia mazao kwenye magari yanayoshuka Goma. Kazi hizi zote mbili hazipatane na mtoto mchanga. Mama hawezi kupalilia kutwa nzima juani na mtoto mgongoni bila mmoja wao kuumia. Na mchuuzi anayepanda juu ya magunia saa kumi na moja za asubuhi hajui atarudi saa ngapi.

Zamani jibu lilikuwa ndani ya familia. Bibi alibaki na wajukuu, shangazi alikuja, dada mkubwa alikosa shule siku moja moja. Tangu mwaka 2022 jibu hilo limevunjika katika nyumba nyingi. Mapigano kati ya jeshi la serikali na M23 yalipofika kwenye barabara ya Rutshuru, mwaka huo wa 2022, maelfu ya watu wa Rutshuru walikimbia, wengi wakafika Kanyaruchinya, kaskazini mwa muji wa Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe iliangukia mikononi mwa M23, na mwezi uliofuata kambi za wakimbizi zilizozunguka muji zilivunjwa, watu wakaanza kurudi. Lakini familia zilizotoka pamoja hazikurudi zote pamoja. Bibi alibakia Goma kwa mtoto wake mwingine. Shangazi alivuka Uganda. Dada mkubwa aliolewa huko huko alikokimbilia.

Hapo njo mama analazimika kutafuta mtu wa inje na kumlipa kidogo. Kinyabwisha kinamwita *umuyaya*, Kiswahili kinamwita yaya. Lakini yule anayekuja siku chache tu kwa juma, watu hawapendi kumpa jina hilo. Wanasema tu: “Ananisaidia.” Neno hilo linasikika vizuri, lina upendo ndani yake, na wakati huohuo linaficha kazi. Anayesaidia haulizi malipo ya siku yaliyopita. Anayesaidia hapandishi bei mtoto wa pili anapozaliwa. Anayesaidia anashukuriwa, na shukrani inaweza kungoja mpaka Noeli. Ni kwa sababu hiyo bonane ya yaya wa siku chache ina uzito kuliko bonane ya mfanyakazi wa ofisi: mara nyingi ni siku moja tu katika mwaka mzima ambapo kazi yake inatajwa mbele yake.

Sheria haioni “kusaidia”

Watu wengi wanafikiri kwamba sheria ya kazi ni ya makampuni na mashirika ya Goma, haiingii katika nyumba ya mkulima. Sivyo sheria yenyewe inavyoandikwa. Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inahusu kila mfanyakazi na kila anayemwajiri, isipokuwa watu kama waamuzi, askari na wafanyakazi wa serikali wenye sheria zao. Haisemi kwamba kazi ya nyumbani iko pembeni.

Sheria hiyo ina kifungu kimoja ambacho kila nyumba yenye yaya wa siku chache ingefaa kukijua. Kinahusu wale wanaofanya kazi ya siku kwa siku. Mtu akiwa ameshafanya siku 22 za kazi katika muda wa miezi miwili, na akaitwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, sheria inamhesabu kuwa na mkataba usiokuwa na mwisho uliopangwa. Hakuna haja ya karatasi. Hesabu ni nyepesi: siku tatu kwa juma, mara majuma manane, ni siku 24. Kwa hiyo msichana anayekuja siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano, majuma yote, si msaidizi wa kupita. Machoni pa sheria ni mfanyakazi.

Na bonane yenyewe je? Sheria hiyohiyo, inapoeleza ni vitu gani vinahesabiwa katika malipo ya mfanyakazi, inataja pia pesa za gratifikasyo na mwezi wa nyongeza. Hailazimishi kila nyumba kutoa. Lakini inaonyesha namna ya kufikiri: pesa ya mwisho wa mwaka si sadaka inayoanguka toka juu, ni tunda la kazi iliyofanyika. Anayeipokea hahitaji kupiga magoti.

Kuna upande mwingine wa ukweli, na haufai kufichwa. Mshahara wa chini kabisa unaowekwa na serikali, ule unaoitwa SMIG, ulikuwa franka 7.075 kwa siku tangu mwaka 2018. Mwaka 2025 serikali iliupandisha kuwa franka 14.500, na kupanga kufika 21.500 kuanzia Januari 2026. Mama anayeuza ndizi kandokando ya barabara, siku nyingine yeye mwenyewe hafikishi faida hiyo. Hawezi kumlipa mtu pesa ambayo yeye haipati. Basi katika vijiji vingi mwanamke mmoja maskini anamwajiri mwanamke mwingine aliye maskini zaidi, na wote wawili wanajua. Kado ya Noeli haiwezi kujaza shimo hilo. Inaweza tu kuonyesha kama mwenye nyumba analiona.

Deni linatangulia kado

Kosa linaloharibu urafiki mara nyingi si kutoa kado ndogo. Ni kutoa kado mahali pa deni.

Mfano wake ni huu. Yaya hajalipwa siku tisa za mwezi wa kumi na moja, kwa sababu mavuno yalichelewa. Tarehe 24 mama mwenye nyumba anamnunulia kikwembe kizuri, anamkumbatia, anamwambia Noeli njema. Kwa upande wa anayetoa, roho imetulia: ametoa kitu kinachopita hata zile siku tisa. Kwa upande wa anayepokea, mambo mawili yametokea kwa pamoja. Amepewa kitu ambacho hakukichagua, na amenyang'anywa haki ya kuuliza kile alichokuwa anadai. Nani atasimama na kikwembe kipya mkononi aseme: “Mama, na zile siku tisa?” Atanyamaza. Mwezi wa kwanza ataanza kuchelewa. Mwezi wa pili hatakuja tena, na mwenye nyumba atasema wasichana wa leo hawana shukrani.

Shida hii imekuwa kubwa zaidi tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025. Pesa za makaratasi zimekuwa ngumu, na kinachopita kwenye simu kinakatwa wakati wa kutoa. Noti ya dola iliyopasuka kidogo inakataliwa sokoni. Katika hali kama hiyo, mwenye nyumba anajikuta na mali lakini bila pesa ndogondogo: ana maharage katika gunia, ana dola moja ambayo hakuna wa kuivunja. Basi malipo ya yaya yanasogezwa, juma kwa juma, mpaka watu wote wawili wanasahau hesabu.

Dawa yake haihitaji elimu kubwa. Kabla ya kufikiria kado, wakae wawili, wahesabu siku kwa kalenda ya ukutani ao kwa daftari ya mtoto. Siku zilizolipwa, siku zisizolipwa. Deni lilipwe kwanza na litajwe kwa jina lake: “Hizi ni zile siku tisa.” Kisha, siku nyingine ao saa nyingine, kado itolewe peke yake: “Na hii ni bonane yako.” Vitu viwili, maneno mawili. Kama pesa haitoshi kwa vyote, ni afadhali kulipa deni bila kado kuliko kutoa kado bila kulipa deni. Yaya aliyelipwa siku zake zote na kuambiwa asante ameheshimiwa.

Kiasi gani? Hesabu ya kumi na mbili

Deni likiisha, swali la kiasi linabaki. Hapa watu wanajipima kwa duka: nini kinauzwa, jirani alitoa nini. Kuna kipimo kingine kilicho cha haki zaidi, nacho ni kazi yenyewe ya mtu huyo.

Inchi nyingine zimekwisha kuandika kipimo hicho katika sheria. Brazil ilianzisha mshahara wa kumi na tatu mwaka 1962, na katiba yake ya mwaka 1988 ikawahakikishia haki hiyo hata wafanyakazi wa nyumbani. Ufilipino, inchi ambayo wanawake wake wengi wanalea watoto wa watu katika Ghuba na Hong Kong, ilipitisha mwaka 2013 sheria ya wafanyakazi wa nyumbani: aliyefanya kazi angalau mwezi mmoja anapata sehemu yake ya mwezi wa kumi na tatu. Namna ya kuhesabu ni moja: jumlisha yote aliyolipwa mwaka mzima, gawanya kwa kumi na mbili.

Hesabu hii inamfaa sana yaya wa siku chache, hata pale ambapo hakuna sheria inayoilazimisha, kwa sababu haiulizi kama alikuwa wa mwezi mzima ao wa nusu siku. Tuseme analipwa franka 2.000 kwa siku, anakuja siku tatu kwa juma. Kwa majuma manne ni franka 24.000. Tuseme tena kwamba alifanya miezi tisa, kwani miezi mitatu familia ilikuwa imekimbia. Jumla ya mwaka ni franka 216.000. Ukigawanya kwa kumi na mbili, unapata franka 18.000. Hiyo njo bonane yake. Si mali ya kumtajirisha mtu, lakini ina maana: inamwambia kwamba siku zake zilihesabiwa.

Kwa mwenye kuona hata hiyo ni nzito, Marekani kuna desturi nyepesi zaidi. Emily Post Institute, shirika linaloandika miongozo ya adabu za jamii ya huko, linashauri kwamba anayekuja mara kwa mara kulinda watoto apewe mwisho wa mwaka malipo ya jioni moja ya kazi, pamoja na kado ndogo inayotoka kwa watoto wenyewe. Kwa Kalengera hiyo ingekuwa malipo ya siku moja, na kitu kidogo ambacho mtoto anampa kwa mkono wake. Kati ya siku moja na sehemu ya kumi na mbili ya mwaka, kila nyumba inaweza kupata mahali pake. Muhimu ni kipimo kitoke kwenye kazi, si kwenye aibu ya kuonekana mbaya mbele ya majirani.

Pesa ao kitu?

Wengi wanaona pesa ni kavu, haina upendo. Wanasema kitu kinabaki, pesa inapotea. Lakini pesa ina jambo moja ambalo kitu hakina: yaya anachagua mwenyewe. Labda mdogo wake ni mgonjwa. Labda ana deni dukani. Labda anataka viatu tu. Mtu ambaye mwaka mzima anafanya kile anachoambiwa, siku moja kupewa nafasi ya kuchagua si jambo dogo. Kwa hiyo kama pesa iko, pesa itangulie, hata kama ni kidogo, ndani ya bahasha ao karatasi iliyokunjwa, si noti ya kutupwa mezani. Ikipitia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, mwenye kutoa aongeze ile ya kukatwa, na ahakikishe kwanza kwamba namba ni ya yaya mwenyewe. Msichana ambaye hana kadi ya uchaguzi mara nyingi simu yake imeandikishwa kwa jina la kaka, na bonane inaweza kuishia kwa kaka.

Kama ni kitu, kila kimoja kina upande wake.

*Kikwembe* kinapendwa, na yadi sita ni heshima kwa mama mtu mzima. Lakini kikwembe bila pesa ya fundi ni kado nusu: anayepokea analazimika kutafuta malipo ya kushona, ao anakifungia sandukuni. Afadhali yadi tatu na pesa ya fundi juu yake. Na kikwembe cha rangi moja na familia, ili yaya afanane nao kwenye picha ya siku kuu, kinaweza kuwa upendo na kinaweza kuwa yunifomu. Inafaa kumwuliza.

*Chakula* cha siku kuu, mchele, mafuta, sukari, nyama, kina uzuri wake: kinafika kwa familia yake yote tarehe ileile ambayo na wengine wanakula. Kifike mapema, tarehe 23 ao 24 asubuhi. Mabaki yanayotumwa kwenye sahani jioni ya tarehe 25, baada ya wageni kuondoka, ni ujirani mwema, lakini si bonane.

*Mnyama mdogo*, kuku jike, sungura ao kobayi, ni kado inayozaa. Kwa msichana anayetaka kuanza kitu chake, inapita kikwembe. Lakini mahali ambapo watu wanakimbia ghafla, mnyama pia anapotea ghafla. Kobayi wawili wanabebeka katika kikapu, mbuzi habebeki hivyo.

*Mbegu* pia inafaa kufikiriwa. Mavuno ya msimu wa A yanaingia mwisho wa mwaka, na msimu wa B unapandwa kuanzia mwezi wa pili. Kilo chache za mbegu nzuri ya maharage zikitolewa Noeli zinamkuta yaya mwenye shamba kabla bei ya mbegu haijapanda. Zisitolewe kwa mtu asiyekuwa na shamba, itakuwa kumkumbusha asichokuwa nacho.

*Shule*. Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza shule ya msingi ya serikali kuwa bila malipo, lakini sekondari bado inalipwa. Kama yaya ni msichana anayesoma nusu siku na kulea nusu siku, kado kubwa kuliko zote ni kulipa sehemu ya shule yake ya mwezi wa kwanza, pamoja na madaftari. Hapa pia kuna la kusema waziwazi: mtoto ambaye umri wake ni wa kukaa darasani asubuhi haitaji bonane ili aendelee kukosa shule. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumnyonya mtoto kwa kazi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayebeba mtoto wa mwaka mmoja kutwa nzima, kado yake ya kwanza ni kutafuta mtu mzima wa kuchukua nafasi yake.

*AVEC*. Vikundi vya akiba na mkopo, vya watu 15 mpaka 30, vilianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na leo viko katika vijiji vingi vya Kivu. Kama yaya ni memba, kumnunulia hisa chache mwanzoni mwa mzunguko mpya ni kado inayokua mpaka Noeli inayofuata. Kama si memba, kulipa kiingilio chake kunaweza kumfungulia mlango. Lakini aulizwe kwanza: AVEC ni ahadi ya kila juma, na si kila mtu anaweza kuibeba.

Kuna pia vitu ambavyo havifai kuitwa kado. Nguo zilizochakaa za mama mwenye nyumba ni msaada, na msaada unaweza kutolewa mwezi wowote. Sabuni ya kufulia nguo za mtoto, beseni, kikwembe cha kumbebea mtoto: hivyo ni vyombo vya kazi, mwenye nyumba anajinunulia mwenyewe.

Nani anatoa, na mbele ya nani

Katika kijiji, mkono unaotoa unasema sawasawa na kitu chenyewe. Baba mwenye nyumba akimpa peke yake msichana wa miaka kumi na saba kado iliyofungwa vizuri, hata kama moyo wake ni safi, maneno yataanza kabla ya Bonane. Na msichana njo atakayebeba maneno hayo, si baba. Kado itolewe na mama, ao na wote wawili, mchana, mahali wazi. Kama yaya bado anaishi kwa wazazi, mama yake ajulishwe. Kumjulisha si kumpa yeye kado. Namna nzuri ni kugawa: chakula kwa nyumba ya wazazi, na kitu ao pesa kwa msichana mwenyewe, ikisemwa waziwazi kwamba ni ya kazi yake.

Lakini mahali wazi si mkutano. Kutangaza kiasi mbele ya wageni, ao kupiga picha na kuiweka kwenye WhatsApp, kunageuza bonane kuwa sifa za mwenye kutoa. Wakati huu ambapo wezi wanaingia nyumba usiku, kunaweza pia kumletea anayepokea hatari.

Na mwenye hana kitu?

Kuna nyumba ambazo mwaka huu hazina hata franka ya ziada. Nazo zina cha kutoa. Cha kwanza ni siku. Tarehe 25 Desemba na tarehe 1 Januari ni siku kuu kwa sheria ya inchi, na ndizo siku ambazo mwenye nyumba anamhitaji yaya zaidi, juu ya wageni, vyungu na watoto wanaokimbia kila upande. Yaya naye ana mama, ana kanisa, ana nguo anayotaka kuvaa. Kumwambia mapema “Noeli ni yako, usikuje, na siku hiyo naihesabu” ni bonane kamili. Cha pili ni mikono: mama mwenye mtoto kwenda siku moja kulima shamba la mama ya yaya. Cha tatu ni neno: kukaa naye, kupanga kwamba kuanzia mwezi wa kwanza malipo ya siku yatapanda kidogo, hata kwa franka 200, na kuandika hiyo kwenye daftari. Nyongeza ndogo inayolipwa kila siku inapita kado kubwa ya mara moja. Kwa siku tatu za juma, franka 200 ni zaidi ya franka 28.000 kwa miezi kumi na mbili, kuliko ile bonane ya 18.000 iliyohesabiwa hapo juu.

Anayeshika mtoto siku ya kukimbia

Hesabu hizi zote zina sababu moja ambayo wakaaji wa barabara ya Rutshuru wanaijua kuliko watu wa mahali pengine. Silaha zikianza kulia saa nne za asubuhi, mama iko shambani, baba iko Kiwanja ao Goma. Anayekuwa na mtoto mikononi ni yaya. Yeye njo anaamua kwa dakika moja: kungoja ao kukimbia, kufuata barabara ao kuingia kwenye migomba, kwenda kwa watu wake ao kwenda upande ambao mama atatafuta kwanza. Kivu ya Kaskazini inajua watoto waliopotezana na wazazi katika vurugu kama hizo, na Msalaba Mwekundu umefanya kazi miaka mingi ya kuwatafutia familia zao.

Hakuna mshahara unaonunua uamuzi wa dakika ile, na hakuna kikwembe kinachoulipa. Lakini yaya anayejua kwamba siku zake zinahesabiwa, kwamba deni lake linalipwa bila kuombwa, anakuwa mtu wa nyumba kabla ya siku mbaya kufika. Anayebadilishwa kila miezi miwili kwa sababu hakulipwa hajui hata jina kamili la mtoto, wala kijiji cha bibi yake.

Kwa hiyo pamoja na bonane ya mwaka huu, kitu kimoja kidogo kinaweza kuingia ndani ya bahasha bila gharama: karatasi yenye jina la mtoto, majina ya wazazi, namba mbili za simu, na jina la mahali ambapo familia imepatana kukutana kama kuna mambo. Mama aisome pamoja naye, kwa sauti, mpaka wote wawili waijue kwa kichwa.